Homa ya ini B: kinachoua ini ni kinga yako mwenyewe, si kirusi (uzi mrefu kidogo, vumilieni)

Mtu wa Maabara (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Niko Tanga mjini, kazi yangu ni maabara. Watu wa Damu Salama wakishapita vyuoni na misikitini kukusanya damu, siku zinazofuata huanza kuingia vijana wenye vikaratasi mkononi. Kijana mzima kabisa, jana tu alikuwa uwanjani anacheza mpira, leo kaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B na damu yake haiwezi kutumika. Akishakaa kwenye benchi swali lake ni lile lile: "Ina maana kinga yangu imeshuka?" Akitoka hapo anakwenda kutafuta dawa ya kupandisha kinga, na wauzaji hawakosekani, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe.

Uzi huu ni kwa ajili ya swali hilo. Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli ya ini. Kinaingia, kinazaliana humo, watoto wake wanatoka, na seli inaendelea na kazi zake. Seli inakufa pale kinga ya mwili inapokuja kukiondoa. Macho kuwa njano, mkojo mweusi, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, vyote hivyo ni alama kwamba kinga imeanza kazi.

Chukulia mwizi kajifungia ndani ya nyumba, na askari hawana namna ya kumpata ila kuibomoa nyumba. Wakibomoa kwa nguvu wiki chache wakammaliza, mtaa utajengwa upya, maana ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga. Wakibomoa moja leo, moja mwezi ujao, kwa miaka 30, na mwizi bado yumo, mtaa unabaki magofu. Makovu hayo ndiyo madaktari wanayaita sirosisi, na hapo ndipo saratani ya ini hupata pa kuanzia.

Hili lilithibitishwa miaka ya 1990. Francis Chisari na wenzake huko La Jolla, Marekani, walitengeneza panya wenye jeni za kirusi hiki. Seli za ini zilikuwa zinazalisha protini za kirusi mchana na usiku, na panya wale hawakuumwa ini. Walipoongezewa seli T, yaani askari wa kinga, zinazokitambua kirusi, ini likaanza kuharibika. Ushahidi mwingine tunauona hospitalini: mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana huweza kuwa na virusi vingi mno kwenye damu huku ini lake limetulia.

Nitaendelea hapo chini na hatua zenyewe, kinga inaanzaje na inakwama wapi. Ulizeni.

Bint Pangani

Asante kaka kwa uzi. Mimi nilidhani homa ya ini ni homa ya manjano, nikajua chanjo ile ya wasafiri inatosha. Na kama kirusi hakiui seli, kwa nini mwili usikiache tu?

Mtu wa Maabara

Dada, hayo ni magonjwa mawili tofauti. Homa ya manjano inaletwa na mbu, na chanjo yake haikukingi na homa ya ini B hata kidogo. Hii inapita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Swali lako la pili ni zuri, na kusema kweli mwili mara nyingi *unakiacha*. Twende hatua kwa hatua.

Virusi vingi vikiingia, seli iliyovamiwa inatoa interferoni, kemikali ya kuwatahadharisha majirani. Ndiyo maana mafua yakikushika unasikia mwili mzito siku ya pili tu. Kirusi cha homa ya ini B kinaingia kimya. Kinapeleka vinasaba vyake mpaka ndani ya kiini cha seli, kinavifunga viwe duara moja dogo gumu kuvunjika, na kutoka hapo seli inavisoma kama inavyosoma vyake. Interferoni karibu haitoki kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kati ya siku 30 na 180 tangu aambukizwe bila kuhisi lolote, akiwa anafunga, anaoa, anachangia damu.

Baadaye seli T zinakuja kukigundua. Kila seli ya ini inaning'iniza nje vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake, na seli T zinapita zikikagua. Zikikuta kipande cha kirusi zinaua seli ile. Kimeng'enya cha ALT kilichokuwa ndani kinamwagika kwenye damu, na sisi maabara tunakipima. ALT ikipanda, tunajua seli za ini zinavunjika.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote katika habari hii. Kuua siyo silaha pekee. Seli T hizo hizo zinatoa kemikali, mojawapo ni interferoni gama, zinazoizuia seli ya ini kutengeneza kirusi *bila kuiua*. Ilionekana kwa sokwe kwamba sehemu kubwa ya virusi ilikwisha kabla ini halijaumia sana. Kama ingekuwa ni kuua tu, mtu mwenye virusi karibu katika kila seli ya ini angekufa kabla hajapona.

Mwisho ni seli B. Hizi zinatengeneza kingamwili, protini zinazokinasa kirusi kikiwa kwenye damu kabla hakijaingia seli nyingine. Mtu mzima akipona, kingamwili dhidi ya ganda la kirusi ndizo zinazobaki kumlinda.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, nimekuelewa. Lakini mbona jirani yangu anacho miaka yote hakikuondoka, na mdogo wangu alikipata akaugua wiki tatu kikaisha? Wote kinga wanayo.

Mtu wa Maabara

Shikamoo mzee. Hapo umegusa kiini cha jambo lenyewe. Jibu liko kwenye *umri wa siku kirusi kilipoingia*.

Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 watabaki nacho maisha yao yote. Akiambukizwa kabla ya miaka 5, ni kama theluthi mpaka nusu. Mtu mzima mwenye afya, chini ya 5 kati ya 100. Kirusi ni kile kile na ini ni lile lile. Tofauti ni namna kinga ilivyokipokea.

Mtoto mchanga kinga yake bado inajifunza kipi changu na kipi si changu. Kirusi kinatoa protini moja, antijeni e, ambayo ni ndogo kiasi cha kupita kondo la nyuma. Mtoto anazaliwa kinga yake imeshaizoea na kuihesabu kuwa ya nyumbani. Inapokutana na kirusi chenyewe inakipisha. Ndiyo maana mtoto huyo hapati macho ya njano wala homa, anakua vizuri, anasoma. Ugonjwa unaanza akiwa na miaka 20, 30, kinga inapogutuka na kuanza kubomoa kidogo kidogo.

Ini nalo lina tabia yake. Karibu robo tatu ya damu yake inatoka moja kwa moja tumboni, imebeba mabaki ya kila ulichokula. Lingekuwa linawaka kila likiona kitu kigeni, tusingekula wali wa nazi tukalala salama. Kwa hiyo ini limezoea kuvumilia, na kirusi kinanufaika na uvumilivu huo.

Halafu kuna maganda. Kirusi hiki kinatengeneza maganda matupu yasiyo na kitu ndani, mengi kuliko virusi kamili mara 1,000 mpaka 100,000. Yanajaa kwenye damu, kingamwili zinanasa maganda, virusi vyenyewe vinapita. Na seli T zikioneshwa kitu kile kile miaka kwa miaka bila kukimaliza, zinachoka. Zipo, ukizitafuta utaziona, ila hazipigi tena.

Kwa hiyo mzee, mdogo wako aliyeugua wiki tatu aliumwa kwa sababu kinga yake ilipiga kwa nguvu na ikamaliza kazi. Jirani yako ambaye hakuumwa ndiye wa kufuatiliwa.

Nahodha wa Mkwaja

Mkuu, kwa maelezo yako basi dawa za kuongeza kinga zinafaa kwa huyo jirani. Seli zake zimechoka, zipewe nguvu. Kuna mzee Muheza ana mizizi yake, watu wengi wamepona kwake. Hospitali wanapenda tu kuwafunga watu kwenye vidonge.

Mtu wa Maabara

Nahodha, nakujibu kwa heshima, maana jambo hili limepoteza watu ninaowafahamu.

Kwanza, hakuna mzizi unaojua kuchagua seli T zinazokitambua kirusi hiki na kuziamsha hizo tu. Pili, hata ukikipata kitu cha kuziamsha zote kwa mpigo, mtu mwenye virusi ndani ya kila seli ya ini unamfanyia nini? Unaamuru ini zima libomolewe. Wataalamu wanaotafuta dawa ya kuziamsha seli zilizochoka wanalihofia jambo hili hili.

Tatu, hao "waliopona". Mtu mzima akiambukizwa leo, uwezekano wa kupona mwenyewe ni zaidi ya 95 kati ya 100. Akinywa mizizi atapona, akinywa maji ya madafu atapona. Mganga anapata sifa kwa kazi iliyofanywa na seli T. Yule mwenye cha utotoni anatumia mizizi hiyo hiyo, hakiondoki, na kila kinachoingia tumboni kinapita kwenye ini ambalo tayari limechoka. Nimeshuhudia majibu ya ALT ya mtu aliyekuwa ametulia yakiruka baada ya wiki chache za chupa moja ya majani yaliyochemshwa. Alikuja mwenyewe, macho yamekuwa njano, chupa ameibeba kwenye mfuko anioneshe jinsi alivyoitumia bila kukosa.

Kuhusu vidonge: tenofoviri inazuia kirusi kujinakili. Duara lile ndani ya kiini cha seli hailifikii, ndiyo maana wengi huitumia miaka mingi. Lakini virusi vikipungua kwenye damu kinga inapunguza kubomoa, makovu yanapungua, na hatari ya saratani inashuka. Na si kila mwenye kirusi anaanzishiwa dawa. Daktari anaangalia wingi wa virusi, ALT, hali ya ini na historia ya familia, ndipo anaamua.

Bi Mwanaidi

Mimi ni muuguzi, nilikuwa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi. Nakazia hapo kwenye umri. Watoto wetu wanapata chanjo hii ndani ya ile sindano ya tano kwa moja, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye mpango wa taifa mwaka 2002. Maana yake aliyezaliwa kabla ya hapo, ambao ndio sisi wengi humu, hakuipata utotoni. Hao ndio wapime, na asiye nacho achanje dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6.

Na mambo yetu ya nyumbani jamani. Mtoto akitimiza siku saba ananyolewa nywele, wembe mmoja unazunguka kwa mtoto na mjomba. Jando la pamoja, kisu kimoja. Chale za mganga. Kirusi hiki kinakaa hai nje ya mwili angalau siku 7, hata damu ikiwa imekauka. Kila mtu na wembe wake mpya, ukitumika unatupwa.

Mtu wa Maabara

Bi Mwanaidi, Mungu akupe umri. Naongeza kwa nini chanjo inafanya kazi, maana inahusu uzi wenyewe. Ndani ya chanjo hakuna kirusi. Kuna ganda tu, lile lile ganda tupu, ila linaingizwa kwenye msuli wa mkono, siyo kwenye ini. Msulini kinga haina uvumilivu ule wa ini. Inaliona, inalichukia, inatengeneza kingamwili na seli za kumbukumbu. Hata miaka mingi baadaye kingamwili zikipungua kwenye damu, kumbukumbu ipo, na kwa kuwa kirusi hiki kinakawia kujizidisha, kumbukumbu inapata muda wa kuamka kabla hakijashika.

Ganda hilo mtafiti Mmarekani Baruch Blumberg ndiye aliyelikuta kwenye damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia miaka ya 1960, wala hakuwa anatafuta ugonjwa wa ini. Alipewa Nobel mwaka 1976. Siku ya Homa ya Ini Duniani, Julai 28, ni siku yake ya kuzaliwa.

Dalali wa Mkonge

Wakuu naombeni ushauri, tafadhali msinicheke. Mke wangu kapimwa kliniki, ana mimba ya miezi mitano, kaambiwa anacho. Mimi nimepima sina. Ndugu zangu wanasema kakitoa nje. Tangu juzi nyumbani hatusemeshani.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, usimguse mkeo kwa maneno kabla hujamsikiliza mleta uzi.

Mtu wa Maabara

Kaka, hakuna wa kukucheka hapa. Soma polepole.

Kipimo alichofanyiwa kinaonesha ganda la kirusi, HBsAg. Ni kale kakipande ka plastiki: tone la damu upande mmoja, unasubiri kama dakika 15, mistari miwili inatokea. Mstari wa pili unasema *kipo*. Hausemi kimeingia lini. Na nimeshaeleza hapo juu, mtu mzima anayekipata ukubwani karibu kila mara anakiondoa. Anayebaki nacho, akiwa mzima na bila dalili, mara nyingi alikipata utotoni: kwa mama yake, au kwa wembe, au kwa ndugu wakicheza na vidonda. Mkeo huenda alikuja nacho kwenye ndoa bila yeye kujua, kabla hamjajuana.

Kama mnataka kujua zaidi, kuna kipimo cha kingamwili za aina ya IgM dhidi ya kiini cha kirusi. Hizo hutoka wakati wa maambukizi mapya. Zisipokuwepo na ganda lipo, hicho ni cha zamani.

Sasa la haraka. Muende wote wawili kwa daktari, hata kama ni hospitali ya Bombo, mkeo apimwe wingi wa virusi. Vikiwa vingi ataanzishiwa tenofoviri akiwa bado mjamzito ili kupunguza vinavyoweza kumfikia mtoto. Ulizeni mapema kuhusu dozi ya chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani linaisisitiza, kwa sababu kinga ya mtoto ikioneshwa ganda kupitia msuli wa paja mapema kabisa inawahi kujifunza kwamba hicho ni adui. Msisubiri siku ya uchungu ndipo muanze kuitafuta. Atanyonyesha kama kawaida. Wewe uchanje dozi tatu, na mpaka uzimalize mtumie kondomu. Sahani, kikombe, kitanda, havina shida. Mswaki na wembe kila mtu wake.

Bint Pangani

Kaka Dalali, rudi nyumbani uongee naye leo.

Mleta uzi, mimi ninatumia ARV na kituoni waliniambia nina na B pia. Hiyo tenofoviri si ipo humo humo?

Mtu wa Maabara

Mara nyingi ipo, dada, angalia kwenye kopo lako au muulize mfamasia. Kwa hiyo kidonge kimoja kinafanya kazi mbili. Ila kwako kuna onyo: usiziache hata kama unajisikia vizuri, na zikibadilishwa mkumbushe daktari kuhusu B. Ukiacha ghafla kirusi cha ini kinafumuka, na kinga yako ambayo dawa zimeshaiinua inakikuta kila mahali. Inabomoa kwa nguvu. Watu wameingia hatarini kwa njia hiyo.

Vivyo hivyo kwa aliyewahi kukiugua akapona, anayekwenda kuanza dawa za saratani au dawa nzito za kushusha kinga. Lile duara dogo halitoki lote, seli T ndizo zinazolibana. Zikilazwa na dawa linaweza kuamka. Mwambieni daktari kabla.

Na kwa wanaofunga: kidonge ni kimoja kwa siku, unaweza kukiweka baada ya futari au wakati wa daku, mradi usibadilishe kila siku.

Nahodha wa Mkwaja

Sawa mkuu, nimesoma yote, nimekuelewa. Na hiyo C je? Kuna jamaa kaambiwa C.

Mtu wa Maabara

C ni kirusi kingine kabisa. Interferoni inatoka, lakini kirusi kinakata waya... yaani kinaikata protini inayopeleka taarifa ndani ya seli. Halafu kinabadilika sura haraka mno, kingamwili zikitengenezwa kwa sura ya jana, leo kina nyingine. Ndiyo maana mpaka sasa hakina chanjo, na wengi wanaokipata hata ukubwani wanabaki nacho. Habari njema ni kwamba C haina lile duara la kujificha kwenye kiini cha seli. Vidonge vya wiki 8 mpaka 12 vinawaponya zaidi ya 95 kati ya 100, kupona kabisa. Jamaa yako asikae nyumbani.

Dalali wa Mkonge

Nimeongea na mke wangu. Jumatatu tunakwenda wote. Swali la mwisho: mtoto akizaliwa, tutajua lini kama kapona au kapata?

Mtu wa Maabara

Akimaliza chanjo zake zote, mpelekeni apimwe akiwa na miezi 9 mpaka 12. Ombeni vipimo viwili: ganda la kirusi, HBsAg, na kingamwili dhidi ya ganda hilo. La kwanza lisiwepo, la pili liwepo na lifike 10 au zaidi. Msikubali kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi zitumike kumhukumu mtoto wa umri huo, maana za mama zinapita kondo la nyuma na huweza kubaki kwenye damu yake karibu miaka miwili. Mkishapata majibu niandikie hapa hapa, au nipigie picha ya karatasi uifiche jina, nitakusomea.